Mzigo wa Nje: Ndege au Meli?

Mkulima wa Ufipa akipata mnunuzi wa maharage huko Ulaya, wazo la kwanza ni ndege. Ndege ina haraka. Ikiondoka Dar es Salaam usiku, kesho yake imekwisha fika. Meli huchukua mwezi mmoja hivi, pengine zaidi. Lakini haraka nayo inanunuliwa.

Tutumie bei za mfano, siyo za sokoni. Tuseme huko nje kilo ya maharage ni shilingi 4,000, na nauli ya ndege ni shilingi 5,000 kwa kilo. Basi nauli imekula maharage yote, na bado tunadaiwa 1,000! Kwa meli, tuseme nauli ni 400. Zimebaki 3,600 za kulipia shamba, magunia, lori la kutoka Sumbawanga na ushuru. Maharage makavu hayaozi kwa mwezi mmoja. Yana haraka gani? Labda kilo mbili tu za kumwonyesha mnunuzi, hizo zipande ndege.

Wenzetu wa Mwanza hupeleka minofu ya sangara Ulaya kwa ndege, na hawajakosea. Minofu mibichi haiwezi kungoja mwezi, na bei yake inabeba nauli. Ile iliyogandishwa hupanda meli, ndani ya makontena ya baridi. Samaki ni yule yule.

Sasa tuangalie jambo linaloponza wengi. Ndege haiangalii uzito peke yake, inaangalia na nafasi. Sanduku la mita 1 kila upande, hata likiwa jepesi, huhesabiwa kama kilo 167. Kina mama wakilijaza vikapu vya kilo 60, watalipia kilo 167. Ukiuliza nauli, usiulize ya kilo tu. Mwambie wakala na vipimo vya sanduku.

Meli nayo ina adui wake, unyevu. Maharage yasiyokauka sawasawa yakifungiwa kwenye kontena hutoa jasho, maji yakadondoka kutoka juu, ukungu ukaingia. Mnunuzi akifungua mlango, anaweza kukataa mzigo mzima.

Kwa anayeuza mahindi Kongo au Zambia, bahari yetu ni Ziwa Tanganyika. Kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga ni kilometa 112 hivi. Hapo ulizeni kwanza siku ya meli kupakia, ndipo mkodi lori. Gunia likilala bandarini laweza kudaiwa malipo, na mvua haingoji meli.

Zoezi la kikundi: Sanduku lile la vikapu lina vikapu 100. Nauli ya ndege ni shilingi 5,000 kwa kilo. Kila kikapu kitabeba nauli ya shilingi ngapi? Na kama mnunuzi analipa shilingi 8,000 kwa kikapu, je, mtapeleka?