Kunguni: Kikulacho Ki Godoroni Mwako

Ukiamka na vipele vinavyowasha, vimejipanga mstari mkononi au shingoni, usikimbilie kumlaumu mbu. Inua godoro kwanza.

Mjue

Kunguni mkubwa ni bapa, rangi ya kahawia, urefu wa milimita 5 hadi 7. Akishiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Hana mabawa wala harukiruki. Huingia nyumbani kwa kubebwa: begi lililolazwa gesti, sanduku la mwanafunzi atokaye bweni, sofa iliyonunuliwa kwa mtu. Hafuati uchafu, hufuata damu, kwa hiyo hata nyumba inayodekiwa kila siku humpata. Usione aibu kusema. Anayeficha humpa nafasi ya kuzaana.

Jike hutaga yai moja hadi 5 kwa siku, na mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Kunguni mkubwa huweza kukaa miezi bila kula. Kuhamia chumba cha pili hakumuui, pengine utahama naye.

Dalili zake

Washa tochi usiku. Kagua mishono ya godoro, chaga, matundu ya misumari, pindo za chandarua na nyufa za ukuta. Tafuta vidoa vyeusi kama vya wino, magamba aliyojivua, na matone ya damu kwenye shuka.

Madhara kwa afya

Hakuna ushahidi kwamba kunguni huwaambukiza watu virusi vya UKIMWI, homa ya ini au malaria. Lakini:

- Mate yake huleta muwasho, na kwa wengine mzio mkali.
- Kujikuna huchubua ngozi. Vijidudu vya kwenye kucha huingia, kidonda kikatunga usaha.
- Usingizi hukatika. Mtoto husinzia darasani, mtu mzima hushinda na hasira na wasiwasi.
- Wakizidi mno, huweza kupunguza damu mwilini, hasa kwa watoto.

Wapo wanaodhani chandarua ndicho kinacholeta kunguni, wakakivua. Hapo kunguni asiyeleta malaria anakuwa amemfungulia mlango mbu anayeileta. Usivue chandarua. Kagua pindo zake na uwaponde kunguni waliomo, kisha kifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ukianike kivulini ili dawa yake isiharibike.

Namna ya kumwondoa

1. Pangeni siku moja kwa nyumba nzima. Wapangaji wakiachiana zamu, kunguni huhama chumba hadi chumba.
2. Fua shuka na nguo zinazostahimili joto kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi.
3. Fungua kitanda. Mwagia maji yanayochemka kwenye chaga, maungio na matundu, watoto wakiwa mbali.
4. Sugua mishono ya godoro kwa brashi. Kulianika juani pekee hakutoshi. Joto halifiki ndani na kunguni hujificha upande wa kivuli.
5. Ziba nyufa, sogeza kitanda mbali na ukuta.
6. Rudia kila baada ya wiki moja mpaka usione hata mmoja. Mayai yaliyobaki leo ni kunguni wa wiki ijayo.

Usifanye haya

Usimwagie godoro mafuta ya taa wala petroli. Cheche moja yatosha kuunguza nyumba. Usinyunyize dawa ya mazao mahali pa kulala, kwani mtoto huivuta usiku kucha. Kunguni wengi wamekuwa sugu kwa dawa za kupuliza za dukani, na kuongeza kipimo humwumiza binadamu kuliko mdudu. Ikibidi dawa, chagua iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani na ufuate lebo.

Nenda kituo cha afya

Kwa muwasho, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi na ukate kucha. Nenda kituoni ukiona usaha, homa, au mtoto aliyepauka. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usingoje kesho.

Na kila utokapo safari, begi lisipande kitandani kabla halijakaguliwa.