Jicho Halioni Sumu: Tamaa, Kinyaa na Chakula cha Nyumbani

Kipande cha jodari kikianza kugeuka rangi kwenye mafuta ya moto, mate hujaa mdomoni kabla mtu hajaonja chochote. Picha ya soda yenye matone ya baridi, iliyochorwa ukutani mwa duka, hufanya vivyo hivyo. Kinachoamsha tamaa hiyo ni ubongo, kwa kutumia kemikali iitwayo dopamini. Wengi huidhania kuwa kemikali ya raha, lakini kazi yake kubwa ni kuchochea hamu na kumsukuma mtu akifuate anachokitarajia. Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz aliona kwamba kima waliokwisha kuzoea alama inayotangulia maji ya matunda, seli zao za dopamini zilichangamka alama ilipotokea, si maji yalipofika kinywani. Njaa huzidisha mambo: tumbo tupu hutoa homoni ya ghrelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, na ubongo ukavutwa zaidi na sura ya chakula. Ndiyo maana anayekwenda sokoni alasiri ya Ramadhani hurudi na vitu asivyovipanga.

Kinyaa nacho kina mahali pake, hasa sehemu ya ubongo iitwayo insula. Tukiona nyama yenye funza, sehemu hiyo huamka, tumbo likachafuka, mkono ukarudi nyuma. Huu ni ulinzi wa thamani, ila mlinzi huyu huhukumu kwa sura. Mwaka 1986 mtafiti Paul Rozin na wenzake waliwapa watu chokoleti safi iliyofinyangwa kama kinyesi cha mbwa. Walisita kuila ingawa walijua fika ni chokoleti. Kama sura pekee inaweza kutukatalia kitu salama, basi inaweza pia kutukaribisha kwenye kitu kinachoua.

Kwa watu wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, na wa Kismayu, mfano ulio karibu ni nyama ya kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama hiyo, na wengine 78 wakalazwa. Sumu ya kasa haina rangi, haina harufu, wala haiishi kwa kuchemshwa. Hupita hata kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo anayenyonyesha huweza kumdhuru mtoto ambaye hajagusa nyama. Jodari aliyeshinda juani bila barafu ana hatari ya namna yake: bakteria huzalisha ndani yake histamini, ambayo moto hauiondoi, na mlaji huwashwa, hupata wekundu usoni, kichwa kikamuuma na moyo ukamwenda mbio, ilhali samaki mwenyewe huenda alionekana mzima kabisa. Na maji ya kisima yanayong'aa kwenye glasi yanaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu.

Wapo watakaosema kwamba wazee walikula kasa miaka yote na hawakudhurika. Huenda ni kweli, kwa sababu si kila kasa ana sumu. Na hilo ndilo linalotisha, kwani hakuna jicho, ulimi wala uzoefu wa mvuvi unaoweza kumtambua mwenye nayo. Aliyekula akaanza kutapika, kuwashwa kinywa au kusinzia apelekwe hospitali mara moja. Wengine watauliza: basi kinyaa tukipuuze? Hapana. Samaki akinuka vibaya, mtupe. Lakini kinyaa kikinyamaza, usidhani kimekupa ruhusa. Hapo uliza mambo yasiyoonekana: samaki alivuliwa saa ngapi, aliwekwa barafu, maji yamechemshwa au yametiwa dawa?

Kuna kinyaa kingine tunachofundishana wenyewe. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba insula huamka hata mtu anapoutazama tu uso wa mwenzake aliyekirihika. Mama akikunja uso mbele ya dagaa au ng'onda, mtoto humwona, na chakula chenye protini na madini kinapoteza nafasi yake katika sahani. Jambo hili lina uzito zaidi kwa familia zilizohamia Kismayu kutoka bara la ufugaji, ambako samaki hakuzoeleka. Huko Ghana, kampeni ya kunawa mikono ilitumia nguvu hiyohiyo kwa faida: tangazo la televisheni lilimwonyesha mama akitoka chooni, mikono ina doa, na doa likahamia kwenye chakula cha mwanawe. Baada ya kampeni, watu wengi zaidi walisema wananawa kwa sabuni. Nyumbani hatuhitaji televisheni. Samaki akiwa sahanini, mzazi ale kwa uso mkunjufu mtoto akimtazama. Uso wa kukirihika auweke kwa nzi waliotua kwenye wali, na kwa mkono uliotoka kumtawaza mtoto ukaenda chunguni bila sabuni.