BWANA YAKO AKIUMIA KAZINI

Mama, siku ya kupima watoto tunazoea kusema juu ya uji, chanjo na maji safi. Leo tusome jambo lingine linaloweza kuondoa chakula nyumbani: aksida ya kazi. Hapa Butembo na Beni watu wanapasua mbao, wanapakia magari, wanachuma majani ya chai, wanakausha kahawa na kakao. Msumeno ukikata mkono wa baba, watoto ndio wanaokonda.

Mara nyingine patroni anakuja na pesa kidogo, anasema: «Mama, kamata hii, maneno iishe.» Usikubali upesi. Haki si zawadi.

1. Kwanza uzima wake
Weka kitambaa safi juu ya kidonda, ukandamize mpaka damu isimame. Usitie udongo, majivu wala majani. Mpeleke hospitali siku ile ile, uulize pia juu ya sindano ya pepopunda.

2. Mwambie munganga: «Ameumia kazini»
Maneno haya ni mafupi, lakini kesi yote inasimama juu yake. Ukimwogopa patroni ukasema «alianguka nyumbani», ndivyo itakavyoandikwa, na kesho ni vigumu kugeuza. Omba sertifika yenye jina lake, tarehe, saa, mahali, sehemu iliyoumia na siku za kupumzika. Chunga risiti zote za dawa. Funga karatasi hizo ndani ya plastiki, mbali na mvua na panya. Andika pia majina ya wenzake walioona.

3. Nani analipa?
Patroni anapaswa kuandikisha wafanyakazi wake kwa CNSS. Zamani iliitwa INSS, iliyoanzishwa mwaka 1961; sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilileta taratibu mpya. Kwa ajili ya aksida za kazi patroni peke yake anatoa asilimia 1.5 ya mshahara. Mfanyakazi hakatwi kitu kwa tawi hilo. Fedha hizo ni za matunzo ya mgonjwa, posho ya siku asizofanya kazi, na malipo kwa aliyebaki kilema. Akifa, mjane na yatima wana haki yao. Aksida ya njiani, kati ya nyumba na kazi, inahesabiwa pia.

Utasema: «Lakini bwana yangu ni wa siku moja moja, hana hata kontra.» Mama, usikate tamaa. Kode ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba pasipo kontra ya kuandikwa, mfanyakazi anaweza kuhakikisha kazi yake kwa njia nyingine, kama vile mashahidi. Na mtu wa kutwa aliyefanya siku 22 katika miezi 2, akirudishwa kazini kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kama mwenye kontra isiyo na mwisho. Kwa hiyo andikeni siku za kazi katika kaye, hata kama ni ya mtoto wa shule.

4. Njia ya kufuata
- Mpe patroni habari kwa barua, ubaki na kopi. Yeye ndiye anayepaswa kutangaza aksida.
- Akikataa, nenda kwa Inspekta wa Kazi. Anaita pande mbili ili wapatane. Usipite hatua hii: bila hiyo tribinali haipokei shitaka la kazi.
- Wasipopatana, Inspekta anaandika karatasi ya kuonyesha hivyo. Hiyo ndiyo inakufungulia mlango wa tribinali.
- Tafuta avoka. Kama hamna pesa, sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 juu ya maavoka inapanga biro ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Uliza kwanza kwenye komine yenu karatasi ya kushuhudia umaskini. Sendika ya wafanyakazi pia inaweza kukuongoza.

Usichelewe. Mashitaka mengi ya kontra ya kazi yanakufa baada ya miaka 3, na ya mshahara baada ya mwaka 1. CNSS nayo ina muda wake, uwaulize mapema.

Na usitie kidole kwenye karatasi ambayo hujasomewa. Kama hujui kusoma, si haya. Sema: «Ningojee, mtoto wangu anisomee.» Patroni mwenye nia njema atangoja.

MAULIZO
1. Ni neno gani tunapaswa kumwambia munganga?
2. Tunaenda kwa nani kabla ya tribinali?
3. Karatasi za kazi za bwana yako ziko wapi leo?

Ulizo la tatu, mama, ujibu nyumbani jioni hii, angali mzima.