Fahamu: Majengo ya Kale Hulindwa Vipi? Mfano wa Lavenham, Uingereza

Lavenham ni kijiji katika wilaya ya Babergh, mashariki mwa Uingereza. Zaidi ya miaka 500 iliyopita kilitajirika kwa biashara ya vitambaa vya sufu. Biashara hiyo ilipodidimia, wenyeji walikosa fedha za kubomoa na kujenga upya, hivyo nyumba zao za mbao zikabaki. Leo zaidi ya majengo 300 kijijini humo yanalindwa na sheria. Mojawapo ni Guildhall, lililojengwa takriban mwaka wa 1530. Limewahi kuwa gereza na makao ya maskini. Sasa ni makavazi.

Nani huamua?
Shirika la Historic England huchunguza jengo na kumshauri waziri, ambaye hutoa uamuzi. Majengo hupangwa kwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la majengo ya kipekee, na huchukua takriban asilimia 2.5 tu ya yote.

Mwenye nyumba anatakiwa kufanya nini?
Nyumba nyingi zinazolindwa ni za watu binafsi. Sheria haimzuii mwenyewe kuishi humo, kuuza wala kukarabati. Inamtaka aombe kibali cha halmashauri ya wilaya kabla ya kubomoa, kupanua au kufanya badiliko lolote linalogusa sura ya kihistoria ya jengo. Ulinzi huo ni wa nje na ndani: madirisha, milango, hata ngazi.

Kufanya kazi hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Adhabu yaweza kuwa faini isiyo na kikomo, au kifungo cha hadi miaka miwili. Isitoshe, kupita kwa miaka hakumwokoi mtu. Anayenunua nyumba leo anaweza kuamriwa kurekebisha kilichoharibiwa na mmiliki wa awali, kwa gharama yake mwenyewe.

Hapa kwetu je?
Kenya inayo Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006, ambayo hulinda majengo yaliyotangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Mji wa Kale wa Lamu uliorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Mkaazi anayemiliki au kununua jengo la kale anashauriwa kuuliza katika ofisi ya mipango ya kaunti na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya fundi kuanza kazi. Ukuta wa kale ukishabomolewa, haurudi.