Mzazi Anapokuwa Mwalimu: Maneno Juu ya Zawadi

Mtoto akivunjika mfupa wa paja, mara nyingine inampasa kulala kitandani majuma mengi, mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito ili mfupa uunge sawasawa. Wakati ule wenzake wanaendelea na masomo. Mama yake anakaa kando ya kitanda tangu asubuhi mpaka jioni. Siku moja anachukua kaye ya mtoto, anaifungua, na tazama, amekuwa mwalimu. Wala hakuna mtu aliyemfundisha kazi ile.

Jambo kama hilo liliwapata wazazi wa nchi yetu nzima mwezi wa tatu mwaka 2020, serikali ilipofunga masomo yote kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Baba ambao hawakushika chaki tangu utoto wao walijaribu kufundisha hesabu nyuma ya nyumba. Kwa hiyo, ikiwa kazi hii imekufikia leo, usione haya. Hapa tunataka kusema habari ya jambo moja tu, ndiyo zawadi, maana wazazi wengi wanaikimbilia siku ya kwanza, na mbele ya mwezi kwisha inawaharibikia.

Tufikiri habari ya mama mmoja. Mtoto wake wa miaka 8 anakataa kusoma. Mama anasema, “Soma ukurasa huu, nitakupa bombo.” Mtoto anasoma mbio mbio, mama anafurahi. Kesho tena bombo. Siku ya tano mtoto anauliza kabla ya kufungua kitabu, “Mama, leo ni ngapi?” Juma la pili anataka mbili, na ukurasa alioumaliza hajui unasema nini. Siku pesa inapokwisha, kaye inatupwa chini ya kitanda. Mama anasema, “Mtoto huyu ni mvivu.” Hapana, mama. Mtoto amejifunza vizuri sana yale uliyomfundisha: ya kuwa kusoma ni kitu cha kuuza, na wewe ndiwe mnunuzi.

Watu wenye elimu wamelijaribu jambo hili. Mwaka 1973 huko Marekani, Mark Lepper na wenzake wawili waliangalia watoto wadogo wa miaka 3 hadi 5 waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa mbele kwamba wakichora watapewa karatasi nzuri ya sifa yenye utepe. Wengine walipewa karatasi ile ile baada ya kuchora, pasipo kuahidiwa neno. Wengine hawakupewa kitu. Baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani, na hakuna aliyetaja zawadi. Wale walioahidiwa mbele walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Lakini wale waliopewa pasipo kutazamia hawakupoteza furaha yao.

Je, zawadi ni mbaya basi? Hapana. Angalia vema: watoto wale walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo. Ukiona mtoto wako anasoma kwa furaha yake mwenyewe, mwache, usimlipe. Lakini mtoto anayeanza herufi hajaonja bado utamu wa kusoma. Kwake ni alama kavu tu juu ya karatasi. Huyu anahitaji msaada kidogo, kama vile mtu aliyevunjika mguu anavyohitaji magongo. Tunampa magongo siku ya kwanza ya kusimama, na siku ile ile tunajua kwamba tutayaondoa.

Sasa tuseme habari ya zawadi yenyewe. Kwanza, mambo mengine si zawadi hata kidogo. Chakula, dawa, maji ya kuoga, blanketi, na upendo wa mama ni haki ya mtoto, asome au asisome. Usimwambie kamwe, “Hutakula kama hujasoma.” Mtoto mwenye mfupa unaounga anahitaji maharagi yake, yai lake na samaki wake kila siku, na mtoto aliyelala na njaa hasomi vizuri kesho yake. Tena siku za kwanza, akiwa na maumivu makali au homa, uache masomo kabisa.

Bombo na biskuti tunawaomba mziache. Si kwa sababu ya ukali. Sukari inashika katika meno, vijidudu vya kinywani vinaila na kufanya maji makali yanayotoboa jino. Na moja kila saa ni mbaya kuliko tano zilizoliwa mara moja baada ya chakula, maana meno hayapati nafasi ya kupumzika. Mtoto aliyeletwa kwa sababu ya mguu asirudi nyumbani na meno yaliyooza.

Fanya hivi. Tafuta kopo tupu la maziwa na vijiwe vidogo. Gawanya kazi ya siku katika vipande vifupi, dakika 15 hivi kwa mtoto wa miaka 7 au 8, kisha apumzike. Kipande kikimalizika, mtoto mwenyewe atie jiwe moja katika kopo. Mtoto anapenda sana kusikia jiwe likianguka, utaona. Vijiwe vikifika vitano, achague jambo la jioni: hadithi ya babu, mchezo wa kisoro na baba, au kitanda kisukumwe mpaka barazani ikiwa munganga anaruhusu. Mambo hayo hayaombi franka hata moja, na kwa mtoto yana thamani kubwa, maana ndani yake anakupata wewe.

Toa jiwe kwa ajili ya kazi iliyofanywa, si kwa ajili ya kutokosa. Aliyesumbuka na hesabu ngumu akapata tatu kati ya kumi ametenda kazi, labda kuliko aliyepata zote. Jiwe likishaingia katika kopo, usiliondoe kwa hasira, hata akikuudhi jioni. Na usiahidi kitu usichoweza kutimiza. Baba anayeahidi baiskeli hospitalini na kuisahau nyumbani amepoteza neno lake kwa muda mrefu.

Angalia maneno ya kinywa pia, kwa kuwa sifa nayo ni zawadi. Watu wengi wanasema, “Wewe una akili sana!” Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba wengi wa watoto waliosifiwa hivyo walitaka baadaye kazi nyepesi, na kazi ngumu ilipowashinda walivunjika moyo kuliko wale waliosifiwa kwa bidii yao. Afadhali useme, “Nimeona umerudia neno lile mara tatu mpaka ukaliweza.”

Kama wako ndugu zake nyumbani wanaojifunza pamoja, kila mmoja awe na kopo lake. Usishindanishe mkubwa na mdogo. Atakayeshindwa kila siku atachukia kitabu na ndugu yake pia.

Baada ya majuma mawili au matatu anza kuondoa magongo. Vijiwe vitano viwe kumi. Kisha siku nyingine usitaje kopo, naye labda hatauliza. Wakati huo mpe kusoma kunakofaa kitu. Asome ujumbe wa baba yake katika simu. Asome maandiko ya kopo la maziwa. Mzee wa kitanda cha pili ambaye macho yake ni dhaifu, mtoto amsomee Zaburi. Mzee akisema, “Asante, mwanangu, endelea,” hakuna bombo inayolingana na neno lile.

Labda unasema, “Mimi sijui kusoma, nitafanyaje?” Mama, unaweza kusikiliza. Mtoto asome kwa sauti, kisha umwulize ukurasa umesema nini. Hesabuni maharagi pamoja unapoyachagua. Na kila jioni mwombe akufundishe herufi moja; ukiishika, tia jiwe katika kopo lako wewe.

Siku ya kurudi masomo, peleka kaye kwa mwalimu, umwonyeshe kurasa alizosoma, na hesabu ambazo zinamshinda bado.