Tunavyowapima Wanaojifunza Kiswahili

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama karibu na Mnara wa Saa hapa mjini Arusha, nikamwona mgeni wa Kizungu akimwendea muuza vinyago. "Jambo sana!" akasema. Muuza vinyago akacheka kwa furaha: "Aa, bwana, unajua Kiswahili sana!" Sisi wenyewe hatuamkiani hivyo hata kidogo, lakini mgeni akaondoka amefurahi, na kinyago mkononi.

Jumatatu yake, darasani, kijana wa Kidato cha Kwanza, Mwarusha atokaye huko juu mlimani Meru, alisimama kusoma habari za mifugo. Akasoma, "Ng'ombe wamelala sisini." Darasa zima likacheka, nami mwalimu, nakiri, nilitabasamu. Tangu siku ile hanyoshi mkono.

Basi tazameni jambo hili. Yule kijana akijua Kiswahili mara elfu kuliko yule mgeni, mbona mmoja apate sifa na mwingine kicheko? Ni kwa kuwa mgeni hatukumtazamia kusema lolote, kwa hiyo kila neno lake ni faida. Mwenzetu twamtazamia aseme kama sisi, kwa hiyo twahesabu kinachopungua. Wajapani nao hufanya hivyo hivyo. Mgeni akitamka salamu moja tu ya Kijapani, huambiwa "jozu", yaani hodari. Na wanafunzi wa lugha hiyo hutaniana kwamba siku sifa zitakapokoma ndiyo siku umeanza kuijua.

Sasa, kosa lenyewe latoka wapi? Lugha ya kwanza ya Waarusha wengi ni Kimaasai, nacho hakina sauti ya z. Ulimi hushika iliyo jirani, yaani s, na zizi likawa sisi. Mjapani naye ana sauti moja tu mahali petu penye r na l. Akikuambia amesahau karamu yake nyumbani, usiulize pilau, ni kalamu. Lakini irabu zake ni tano kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, ndiyo sababu masikio yetu humpokea upesi. Mwingereza huwa na taabu zaidi, maana hupenda kuivuta o mpaka iwe "ou".

Tena sikio halihesabu makosa yote sawasawa. "Kitabu yangu" haimpotezi msikilizaji hata mara moja, lakini "mahari" kwa "mahali" yaweza kuwashtua wazee waliokuja kuuliza njia tu. Na kuna kosa ambalo halimo katika sarufi kabisa. Mtu akiingia dukani na kusema "Nataka maji" kwa matamshi safi, huonekana mkavu. Mwingine akisema "Shikamoo mama, naomba maji", hata ulimi ukiwa mzito, huhudumiwa kwa moyo. Naona hapa wenye lugha hupima adabu kwanza, ngeli baadaye.

Nasi tuliocheka, tumejifunza wapi? Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hakikuchaguliwa Kiswahili cha Arusha. Wengi wa babu zetu, Wameru kwa Waarusha, walijifunza lugha hii ukubwani, sokoni na kazini. Mtu wa Unguja akitusikia leo hutabasamu vile vile nilivyotabasamu mimi Jumatatu ile.

Zoezi. Kaeni wawili wawili. Mmoja asome kwa sauti: zizi, sisi, kalamu, karamu, kula, kura, mahali, mahari. Mwenzake aandike alichosikia, kisha mlinganishe karatasi kabla ya kusahihishana. Kijana wetu wa Kidato cha Kwanza nimemwomba awe msomaji wa kwanza, naye amekubali, ila ametaka mimi mwalimu niwe mwandishi wake.