Gari la Chama Likibonyea: Dereva au Fundi?

Gari la chama cha msingi ni mali ya wanachama wote. Katika njia nyembamba za migombani, kutoka Kibosho au Machame kushuka Moshi, ni vigumu lisibonyee. Kabla ya kutumia fedha, katibu na atazame mambo matatu.

Kwanza, bati. Likiwa limebonyea bila mkunjo, na rangi haikupasuka, dereva aweza kulisukuma taratibu kutoka ndani kwa kipande cha ubao kilichoviringwa kitambaa. Asipige nyundo ovyo: bati hutanuka, na kazi ya fundi huwa kubwa zaidi.

Pili, rangi. Ikipasuka, kutu huanza, hasa wakati wa masika. Pakwanguliwe kwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mara moja, hata kama fundi anangojewa.

Tatu, mahali. Ukingo wa mlango, chasisi na sehemu zilizo karibu na gurudumu ni kazi ya fundi. Bei iulizwe kwa mafundi wawili, kamati iidhinishe, stakabadhi itunzwe.

Swali la kujadiliana: Je, chama chenu kimewahi kupata hasara kwa kuahirisha tengenezo dogo?